Weusi wa Miwani Sio Kinga

Wiki jana nilinunua miwani ya jua pale Tom Mboya Street, soo mbili, nyeusi tii, na kibandiko cha UV400. Nikaipeleka kwa duka la macho wanipimie. Manze, miale ya UV inapita tu! Nikaanza kuchimba historia.

Wainuit wa Aktiki hata hawakuhitaji kioo. Walichonga mfupa au mbao, wakaacha mwanya mwembamba wa kuchungulia, na mng'ao wa theluji ukapungua. Kule Uchina inasemekana mahakimu walivaa vioo vya rangi ya moshi, lakini si kwa sababu ya jua: hawakutaka watu wasome macho yao kortini. Yaani nyeusi ilikuwa ya kuficha tangu kitambo.

Kioo cha kuzuia UV ndicho William Crookes alitengeneza Uingereza mwaka wa 1913. Alikuwa anatafuta kinga ya wafanyakazi wa tanuri za vioo, waliokuwa wanapata mtoto wa jicho. Dawa ilikuwa madini ya seriamu ndani ya kioo, si weusi. Halafu 1929 Sam Foster akaanza kuuza miwani ya bei nafuu ufuoni Atlantic City, Marekani, na fasheni ikashika.

Shida ni hii: nyuma ya lenzi nyeusi mboni ya jicho hupanuka. Kama hakuna kinga, umefungulia UV mlango. Sasa navaa ya kahawia hafifu, iliyopimwa mbele yangu. Mabeshte wanasema inafanana na ya guka.