Mfahamu Isaac Barré, kanali wa jicho moja aliyewapa jina wapigania uhuru wa Marekani

Ukisoma historia ya uhuru wa Marekani utakutana na "Wana wa Uhuru", wale jamaa waliochachamaa kupinga kodi za Mwingereza. Unaweza kudhani jina hilo walijipa wenyewe. Kumbe lilivuma baada ya kutamkwa London, ndani ya Bunge la Uingereza, tena na mwanajeshi wa mfalme.

Isaac Barré alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1726. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Ufaransa, jamii iliyokimbia mateso ya kidini. Alisoma Trinity College, akaingia jeshini 1746, lakini cheo hakikupanda. Enzi hizo vyeo vya jeshi vilinunuliwa, na yeye hakuwa na pesa wala ukoo wa kumbeba.

Aliyemuinua ni Jenerali James Wolfe, aliyekwenda naye Canada kupigana na Wafaransa. Septemba 13, 1759, kwenye vita vya Quebec, Wolfe aliuawa. Barré alipigwa risasi shavuni na jicho moja likapofuka. Mwaka uliofuata akamwandikia waziri William Pitt kuomba apandishwe cheo. Akanyimwa.

Hilo hakulisahau. Aliingia bungeni 1761 kwa mgongo wa tajiri mwenye ushawishi, Lord Shelburne, na hotuba yake ya kwanza ikawa ya kumshambulia Pitt huyo huyo.

Wakati ule ofisa wa jeshi aliweza kuwa mbunge huku akibaki na cheo chake. Lakini hapo kulikuwa na mtego: cheo kilikuwa mikononi mwa mfalme, na ukipiga kura vibaya unakikosa. Barré aliujua mtego huo mapema. Mwaka 1763 alipewa nafasi kubwa jeshini pamoja na ugavana wa ngome ya Stirling, kisha akavuliwa vyote kwa kuipinga serikali katika sakata la John Wilkes, mbunge aliyekamatwa kwa kuandika gazetini dhidi ya hotuba ya mfalme.

Basi Februari 6, 1765 ilipoletwa hoja ya kodi ya stempu kwa makoloni ya Marekani, hakuwa na cha kupoteza. Charles Townshend alisema Wamarekani ni watoto waliolelewa na Uingereza, sasa wachangie. Barré akainuka. Akasema watu wale walikimbilia kule kwa sababu ya kuonewa, walikua wenyewe bila kuangaliwa, na maofisa wanaopelekwa kuwatawala wanawachemsha damu "Wana wa Uhuru" hao. Alikuwa amepigana bega kwa bega nao, si mtu wa kusimuliwa.

Kura? Upinzani ulipata 49 dhidi ya 245. Ila Jared Ingersoll wa Connecticut alikuwepo akisikiliza, akaandika nyumbani, magazeti yakachapa. Miezi michache tu, jina likawa la wapinga kodi.

Tusimfanye malaika, lakini. Mwaka 1774 aliunga mkono sheria ya kuifunga bandari ya Boston, ingawa baadaye aliendelea kuipinga vita yenyewe. Na 1782, kundi lake lililokuwa likihubiri kubana matumizi lilipoingia madarakani, yeye akapewa pensheni ya pauni 3,200 kwa mwaka. Kelele zilikuwa nyingi. Aliyemaliza utata huo 1784 ni Pitt mdogo, mtoto wa yule yule Pitt: alimpa kazi nono ya serikali ya maisha, ili aiachie pensheni.

Wakati huo jicho la pili nalo lilikuwa limezima. Barré alikaa bungeni hadi 1790 na akafariki London mwaka 1802, bila kuoa.

Mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, umeunganisha jina lake na la Wilkes. Na kule Massachusetts, mji uliokuwa ukiitwa Hutchinson, kwa jina la gavana aliyekuwa upande wa mfalme, ulibadilishwa 1776 ukaitwa Barre.