Dhamana si Rehani: Safari ya Neno katika Njia ya Tabora

Katika Tabora, kama katika miji mingine ya nchi yetu, jamaa za mtu aliyekamatwa husikika wakisema, "Tunakwenda kumlipia dhamana." Kauli hiyo imezoeleka hata kwa watu waliosoma. Hata hivyo ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya sarufi. Mwenye kuamini kwamba dhamana hulipwa hatashangaa akidaiwa fedha kituoni, na asipokuwa nazo atamwacha nduguye rumande akidhani kwamba uhuru wake una bei. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya neno hili katika njia kongwe ya misafara, kwamba dhamana ni ahadi ya mtu anayemsimamia mwenzake, wala si malipo.

Neno dhamana, pamoja na kitenzi dhamini na nomino mdhamini, asili yake ni Kiarabu. Katika kundi hilo la maneno ya biashara na sheria yamo pia rehani, amana na arubuni. Rehani ni kitu kinachowekwa mikononi mwa mdai hadi deni lilipwe. Amana ni kitu anachokabidhiwa mtu akitunze, kisha akirudishe. Arubuni ni malipo ya kwanza ya kufunga mapatano. Dhamana yatofautiana na yote matatu, kwani kinachotangulia si kitu bali ni ahadi: mtu wa tatu hujitokeza na kusema kwamba, fulani asipotimiza wajibu wake, yeye mdhamini ndiye atakayeulizwa.

Mambo haya yote yalikuwa na kazi kubwa katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha jenga makazi yao. Biashara hiyo iliendeshwa zaidi kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama vile Taria Topan, walitoa nguo, shanga na nyaya, nao wenye misafara walilipa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi, pengine miaka. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo mikopo ya namna hiyo imetajwa. Wapagazi nao, wengi wao Wanyamwezi, kwa kawaida walipewa sehemu ya ujira kabla ya safari. Tajiri aliyebaki Unguja hakuweza kumfuata mdeni wake hadi Manyema, wala kiongozi wa msafara hakuweza kumchunga kila mpagazi usiku kucha. Kwa hiyo thamani ya mtu kujulikana, au kuwa na anayejulikana wa kumsemea, ilikuwa kubwa mno.

Lakini njia hiyo ilikuwa pia njia ya utumwa, na si haki kuisifu bila kulitaja hilo. Katika karne ya 19, nyakati za njaa na madeni, watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki waliwekwa rehani na jamaa zao, na deni lisipolipwa, aliyewekwa aliweza kuishia utumwani. Hapa ndipo tofauti ya maneno haya mawili inapodhihirika. Katika rehani ya namna ile, mwili wa mtu ulishikwa kwa ajili ya mali. Katika dhamana, ahadi ya mtu hutolewa ili mwili wa mwingine uachiwe. Anayesema kwamba ndugu yake "amekombolewa kwa dhamana" airudisha fikra ya rehani mahali ambapo haistahili kuwapo.

Baada ya Mtemi Isike kushindwa na Wajerumani mwezi wa Januari 1893, mamlaka ya kukamata na kufunga yalihamia bomani. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora, na baadaye mji ukawa chini ya Waingereza, walioleta sheria zenye asili ya kwao, nyingine zikipitia India. Katika sheria hizo ulikuwamo utaratibu wa kumwachia mshtakiwa hadi siku ya shauri, wadhamini wakiahidi kwamba atahudhuria. Kiswahili hakikulazimika kuunda neno jipya: dhamana ya wafanyabiashara ikapewa kazi mahakamani. Baada ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 kuuunganisha mfumo wa mahakama, Mahakama za Mwanzo, zinazotumia Kiswahili, zililifikisha neno hilo hadi vijijini.

Msingi wa utaratibu huu ni kwamba mshtakiwa bado hajawa mkosaji. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, msingi huo uliandikwa wazi. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete, iliamua kwamba aya mojawapo ya kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, iliyozuia dhamana, ilipingana na Katiba. Mwaka 2018 ilibatilisha pia uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kuzuia dhamana kwa hati yake. Hata hivyo, mwaka 2020 mahakama hiyo ilikubali kwamba yapo makosa ambayo Bunge laweza kuyanyima dhamana. Mjadala huo mzito hauwezi kufuatwa na mwananchi anayedhani kwamba dhamana ni ada.

Yafaa pia tuitenge faini. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa mkutano wa TANU wa Tabora, Mwalimu Nyerere alipatikana na hatia ya kashfa mahakamani Dar es Salaam, akatakiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, akalipa. Hiyo ni faini: hutolewa baada ya hukumu, nayo hairudi. Dhamana huja kabla ya hukumu. Polisi hawatozi ada kwa ajili yake. Mahakamani mdhamini kwa kawaida huleta barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha hutia sahihi hati yenye kutaja kiasi cha fedha, ambacho hudaiwa mshtakiwa akitoroka. Katika mashauri fulani ya mali nyingi, sheria hutaka fedha au mali iwekwe. Hiyo tungependa iitwe amana ya dhamana, kwa kuwa hurudishwa masharti yakitimizwa.

Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo sisi wenye kazi ya istilahi hatuna budi kupendekeza yafuatayo: isemwe kumdhamini mtu au kumwekea dhamana, wala si kumlipia, isemwe kukiuka dhamana, wala si kuruka dhamana, na anayengoja shauri aitwe mahabusu, jina la mfungwa likiachiwa aliyehukumiwa kifungo. Neno dhamana limekwisha beba mizigo mingine, kama dhamana ya mkopo, dhamana za Serikali na dhamana ya uongozi, na yote hayo ni halali. Ila mbele ya hakimu maana yake ibaki moja, ili mkulima wa Sikonge au Urambo aendapo kumsimamia mwanawe ajue kwamba anachotakiwa kukileta kwanza ni jina lake jema.