Chanjo

Chanjo (wingi: chanjo) ni dawa inayoufundisha mwili kutambua na kupiga vita ugonjwa kabla haujaingia, pia ni tendo lenyewe la kutoa dawa hiyo. Nomino hii imetokana na kitenzi *chanja*, yaani kukata au kupasua, kama katika kuchanja kuni. Kwa kitenzi hicho hicho, mtu anayekwenda mwendo wa kasi husemwa anachanja mbuga.

Maana ya kitabibu ilipata njia iliyokwisha kufunguliwa. Waganga walikuwa wakichanja chale ngozini na kupaka dawa, na marafiki walioshikana undugu kwa damu waliitwa ndugu wa kuchanjiana. Chanjo ya ndui nayo ilitiwa kwa kukwaruza au kudunga ngozi ya mkono, ikaacha kovu ambalo wazee wengi wanalo hadi leo. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Lugha nyingi za Ulaya zilifuata njia nyingine: jina lao la chanjo linatoka katika neno la Kilatini *vacca*, ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto. Kiswahili kilitazama jeraha, si mnyama.

Siku hizi matone ya polio hudondoshwa mdomoni bila ngozi kuguswa, na bado huitwa chanjo. Neno hili lisichanganywe na *kinga*, ambayo ni ulinzi unaopatikana baada ya kuchanjwa au kuugua, wala na *sindano*, ambayo huweza kubeba dawa yoyote.