Magome ya Amani, majani ya China na vimelea vya Ngara

Zamani mtu wa Ngara au Biharamulo akishikwa na homa hakwenda mbali. Alichuma majani ya mubirizi nyuma ya nyumba, akayafikicha kwenye maji, akafumba macho akanywa. Uchungu ule haukuwa na kipimo. Jani la masika na jani la kiangazi hayana nguvu moja, na mnywaji hakujua kikombe chake kimebeba dawa kiasi gani. Historia ya dawa za malaria imekuwa ya kuhangaika na hilo: mmea una dawa kiasi gani, na itazidishwaje?

Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger alipata mbegu za mkwinini kutoka Bolivia, alizochumiwa na mtumishi wake, Manuel Incra Mamani. Waholanzi walinunua kidogo wakazipanda Java. Magome ya miti ile yakatoa kwinini zaidi ya asilimia 10, mara kadhaa ya iliyozoeleka. Mti wenyewe ulikuwa dhaifu, ndipo wakaubebesha kwenye shina la ndugu yake mwenye mizizi imara, kama wakulima wetu wanavyobebesha parachichi. Mamani alifungwa na kupigwa kwa ajili ya kuchuma mbegu, akafa. Jina la kisayansi la mti akapewa Ledger.

Kwetu mkwinini uliletwa na Wajerumani, wakaupanda Amani, Usambara, kwenye kituo walichokianzisha 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, manowari za Uingereza zikafunga pwani, na Amani ikalazimika kutengeneza kwinini yake. Mwaka 1916, mwaka ule ule Wabelgiji walipovuka mto Kagera na kuingia Biharamulo, ambako boma la Wajerumani lingalipo, Usambara nayo ikawatoka Wajerumani. Jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, likabaki kuchemsha magome na kunywa maji yake. Wenyewe wakayaita "Lettow-Schnaps", pombe ya Lettow. Aliyewahi kumeza kwinini anajua masikio yanavyovuma. Sasa afikirie kuinywa hivyo, bila hata sukari.

Baadaye ikaja klorokwini, iliyotuwasha mwili mzima, nayo ikachoka. Tanzania iliiacha 2001 ikashika SP (sulfadoksini na pirimethamini). Mwishoni mwa 2006 tukahamia dawa mseto, ambayo nguvu yake inatoka kwenye artemisia, mmea wa China ulio ndugu wa pakanga yetu.

Aliyeifumbua siri ya artemisia ni Tu Youyou, katika mradi wa siri wa jeshi la China ulioanza 1967. Kuchemsha kulikuwa kunaiua dawa. Kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilisema mmea uloweshwe tu, naye akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Tatizo likawa uchache. Ukilitazama jani la artemisia kwa lenzi, utaona vijinywele vyenye vifuko vidogo mno. Artemisinini, yaani dawa yenyewe, imo humo, na mara nyingi haifiki asilimia 1 ya uzito wa jani kavu. Dunia ilipoikimbilia, bei ya kilo moja mwaka 2005 ilipita dola 1,000. Wakulima wa Arusha, Kenya na Kabale wakapanda. Miaka miwili baadaye bei ikaporomoka hadi dola 200 hivi, na wengi wakang'oa.

Maabara hazikung'oa. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kilichora ramani ya vinasaba vya mmea huo mwaka 2010 ili kuchagua wazazi wa mbegu chotara zenye dawa nyingi. Jay Keasling wa Marekani aliingiza vinasaba vya artemisia kwenye hamira, ikatengeneza malighafi ya dawa ndani ya tangi. Sanofi ikaanza kuizalisha Italia mwaka 2013, lakini majani yakawa rahisi kuliko tangi, na kiwanda kikauzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Shanghai wakatangaza artemisia iliyofanyiwa uhandisi jeni, yenye asilimia 3.2. Ni mbio zile zile za Wakorea, wanaokuza mizizi ya dawa ya jinsengi kwenye matangi badala ya kuisubiri miaka minne au zaidi shambani.

Wakati huo kimelea hakikulala. Sampuli zilizochukuliwa 2021 katika mikoa 13 ya Tanzania zilionyesha badiliko la kinasaba liitwalo 561H, linalokifanya kimelea kichelewe kufa kwa artemisinini. Mkoa wa Kagera ulizidi mingine, kwa asilimia 7.7. Ndani ya mkoa huo, Karagwe ilikuwa na 22.8, Kyerwa 14.4, na Ngara 1.4. Rwanda, ng'ambo ya Rusumo, ilishalitangaza mwaka 2020.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo wataalamu wa kuzidisha dawa walipotupungukia. Walimudu kuijaza kwenye jani na kuishusha bei; kimelea kilichozoea dawa hakijali imetoka kwenye jani la asilimia ngapi.

Mseto bado unaponya. Basi, msomaji wa Rulenge, Nyakahura au kokote uliko: pima kwanza, na ukiandikiwa vidonge 24, usibakize sita kabatini kwa ajili ya homa ya mwezi ujao.