Utafiti wa FEAST

Utafiti wa FEAST ni jaribio la kitabibu lililofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia Januari 2009 hadi Januari 2011. Lilichunguza kama watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko wa mwili wanafaidika wakiongezewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio ya madaktari wengi: watoto waliopewa maji hayo walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Nchini Tanzania utafiti ulifanyika katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga.

Usuli

Mshtuko wa mwili ni hali ambayo damu haifiki vya kutosha kwenye viungo. Mikono na miguu ya mtoto hupoa, mapigo huwa dhaifu na ya haraka, na mtoto anaweza kupoteza fahamu. Katika nchi tajiri tiba ya kawaida ilikuwa kumwekea dripu ya haraka. Tiba hiyo ilikubalika kwa miaka mingi, ingawa haikuwahi kupimwa kwa jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi.

Utafiti uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto kutoka Uingereza na profesa wa Imperial College London. Awali alishiriki katika utafiti wa malaria huko Vanuatu, na tangu mwaka 2000 amefanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya. Miongoni mwa viongozi wenzake alikuwa Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hospitali nyingine zilizoshiriki ni Kilifi nchini Kenya, pamoja na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda.

Muheza

Muheza iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na malaria kali. Hospitali Teule ni ya Kanisa Anglikana na ilitumika kama hospitali ya wilaya. Kabla ya FEAST ilikuwa imeshiriki katika utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2010, yalionyesha kwamba sindano ya artesuneti huokoa watoto wengi zaidi kuliko kwinini katika malaria kali.

Jinsi ulivyofanyika

Watoto wenye umri wa siku 60 hadi miaka 12 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi, na la tatu halikupewa dripu ya haraka. Kiasi kilikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Watoto wa makundi yote walipata dripu ya kawaida ya polepole, dawa za malaria na antibiotiki, na damu pale ilipohitajika. Wenye utapiamlo mkali au ugonjwa wa kuhara hawakuingizwa. Kwa kuwa hali ilikuwa ya dharura, wazazi wengine walikubali kwanza kwa mdomo, kisha wakatia saini baada ya mtoto kuhudumiwa.

Matokeo

Watafiti walikusudia kuandikisha watoto 3,600, lakini kamati huru ya usalama ilishauri kazi isimamishwe baada ya watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa:

- asilimia 10.6 ya waliopewa albumini
- asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi
- asilimia 7.3 ya wasiopewa dripu ya haraka

Tofauti hiyo ni sawa na vifo 33 zaidi kwa kila watoto 1,000 waliotibiwa kwa dripu ya haraka. Madhara yalionekana kwa wenye malaria na wasio nayo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kufanya kazi, si maji kujaa mapafuni kama ilivyodhaniwa.

Athari

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine na kuzua mjadala mkubwa. Baadhi ya madaktari walidai kwamba hayahusu hospitali zenye mashine za kupumulia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: mtoto mwenye dalili zote za mshtuko apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, na asiyetimiza dalili zote asipewe dripu ya haraka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu sepsisi ya watoto nao ulishauri dripu hiyo isitumike mahali pasipo na huduma ya wagonjwa mahututi, iwapo shinikizo la damu la mtoto halijashuka.

Maitland aliendelea na majaribio mengine Afrika Mashariki na Malawi, yakiwemo TRACT kuhusu kuongezewa damu na COAST kuhusu matumizi ya oksijeni kwa watoto.