Udongo mwekundu wa Meru na Embu: Mtego wa kusoma vilele vya fotoelektroni

WAKULIMA wa chai na kahawa katika nyanda za juu za Meru na Embu hutia shambani mbolea ya fosfati, lakini mmea haupati yote. Udongo wao mwekundu, ambao wataalamu huuita nitisoli, ulitokana na miamba ya volkano ya Mlima Kenya. Umejaa oksidi za chuma na alumini, nazo huinasa fosforasi kwenye chembe zake.

Kipimo cha kawaida cha udongo huonyesha kiasi cha fosforasi, si mahali iliponaswa. Uso wa chembe waweza kuchunguzwa kwa spektroskopia ya fotoelektroni, mbinu iliyomletea Kai Siegbahn wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1981. Miale ya eksirei huangazwa kwenye sampuli, elektroni zikachomoka na nishati yake ikapimwa. Kila elementi huacha kilele chake mchoroni: fosforasi ya fosfati karibu na elektronivolti 133, chuma kilichomo katika oksidi karibu na 711, na chuma kitupu karibu na 707.

Elektroni hizo hutoka katika tabaka la juu lisilozidi takriban nanomita 10. Ili kufika chini zaidi, uso huchongwa kidogo kidogo kwa ioni za gesi ya agoni, na kipimo hurudiwa kila hatua.

Ugumu ni kutenganisha vilele vilivyopandana. Kompyuta hutafuta vilele ambavyo jumla yake inaufuata mchoro uliopimwa. Hata hivyo, vikiongezwa vya kutosha, mchoro wowote utafuatwa, hata kama vilele hivyo havina maana yoyote ya kikemia. Kwa hiyo masharti huwekwa mapema: msingi wa mchoro uondolewe kwa njia moja katika tabaka zote, kilele cha hali moja ya kikemia kisihamehame wala kubadili upana bila sababu, na vilele pacha vya fosforasi vidumishe uwiano wa 2 kwa 1.

Mtego mkubwa zaidi ni kwamba ioni zenyewe huipokonya oksidi ya chuma oksijeni. Kilele kipya kikizuka kwenye tabaka la ndani, huenda ni alama ya uchongaji, wala si tabia ya udongo. Dawa yake ni kuchonga vivyo hivyo oksidi safi inayojulikana, kisha kulinganisha.

Mbinu hii haichukui nafasi ya kupima udongo wala majaribio ya mbolea shambani. Kazi yake ni kueleza kwa nini fosforasi hunaswa, na maelezo hayo hayafai kitu iwapo vilele vimesomwa vibaya.