Alumini Haina Kutu, Lakini Huliwa

Fundi wa madirisha Mombasa au Unguja atakwambia alumini haishiki kutu. Ni kweli, maana kutu huzaliwa na chuma. Lakini ipapase fremu ya nyumba inayotazama bahari, upande unaopigwa na kusi, na huenda ukakuta unga mweupe, na chini yake vitundu. Hapo neno kutu halitoshi, tunahitaji ulikaji. Limetoka kwenye kula na kulika, nalo hutaja kila metali inayoliwa na mazingira yake. Kutu ni ulikaji wa chuma tu.

Uwezo wa metali kuishi na hali hiyo nauita ustahimilivu wa ulikaji. Ukinzani ni neno zuri, ila limekwisha kuzoeleka kwenye umeme. Tena alumini hustahimili hasa: ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache, na utando ukikwaruzwa hujiunda upya papo hapo. Asidi kali na alkali kali huuvunja. Ndiyo sababu saruji mbichi, ambayo ni alkali kali, ikidondokea fremu huacha doa lisilofutika.

Chumvi ya bahari ina hila nyingine. Kloridi hupenya penye udhaifu na kuchimba. Huo ni ulikaji wa vitundu. Kwa bahati njema, mchimbo huo hupungua kasi. Kina cha kitundu hufuata, kwa makadirio, kipeuo cha tatu cha muda: kina kikiongezeka maradufu, muda uliopita ni mara 8. Bati nene kidogo hununua miaka mingi. Kuba la kanisa la San Gioacchino, Roma, liliezekwa kwa alumini mwaka 1897, na mabati hayo yamedumu zaidi ya karne.

Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, hazilingani. Zenye magnesi hujengewa boti. Zenye shaba nyingi zina nguvu ya kuundia ndege, lakini huliwa upesi, hata hufunikwa kwa alumini safi. Skrubu ya shaba ikigusa fremu penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo itakayolika.

Basi ukinunua dirisha la pwani, uliza ni aloi gani na skrubu ni za nini. Kisha lioshe mara kwa mara kwa maji baridi, hasa pale chini ya ukingo ambapo mvua haifiki.